Uzi: Tarehe ya ukaguzi siyo tarehe ya kifo (Weibull kwa data za makundi)

KINOO

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu niliuahidi kwenye ule mjadala wa ratiba za matengenezo, leo nimepata nafasi. Ni mrefu, naomba mnivumilie.

Wengi wetu tunaofanya kazi za karakana hatujui kifaa kilikufa saa ngapi. Tunachojua ni kwamba tulipokifungua mara ya mwisho kilikuwa kizima, na leo tumekifungua tumekuta ufa. Katikati hapo kuna miezi, na ufa ulianza siku fulani ambayo hakuna aliyeiona. Kwenye daftari tunaandika tarehe ya leo kwa sababu ndiyo tuliyo nayo. Baadaye anakuja mtu, anaichukua tarehe hiyo kama siku ya kifo, anakokotoa Weibull (fomula ya kukadiria vifaa vinakufa kwa umri gani), anapanga ratiba.

Mtu huyo niliwahi kuwa mimi. Mahali nilipokuwa nafanya kazi nilikabidhiwa daftari la beringi za pampu, nikatoa pendekezo la muda wa kubadilisha, likapitishwa. Beringi zikaanza kufa kabla ya muda niliousema, na pampu mbili zikaliwa shafti. Nililala na lile daftari wiki nzima nikitafuta nilipokosea kujumlisha au kugawa. Hesabu ilikuwa sawa mwanzo hadi mwisho. Tatizo lilikuwa kwenye safu ya tarehe.

Data za kazini siwezi kuzianika hapa, kwa hiyo natumia data zilizochapishwa na Wayne Nelson wa Marekani mwaka 1982, ambazo wanaofundisha fani hii wanazitumia hadi leo. Vipuri 167 vya aina moja vilikaguliwa kwa umri maalumu, na kila ukaguzi ukahesabiwa vipuri vilivyopata ufa tangu ukaguzi uliotangulia:

0 hadi 6.12: vipuri 5
6.12 hadi 19.92: vipuri 16
19.92 hadi 29.64: vipuri 12
29.64 hadi 35.40: vipuri 18
35.40 hadi 39.72: vipuri 18
39.72 hadi 45.24: vipuri 2
45.24 hadi 52.32: vipuri 6
52.32 hadi 63.48: vipuri 17
Vilivyovuka 63.48 bila ufa: vipuri 73

Kipimo cha muda kisiwasumbue, hesabu ni ileile iwe saa, miezi au kilomita.

Weibull inasema sehemu ya vipuri vilivyokwishakufa kufikia umri t ni

F(t) = 1 − exp[−(t/η)^β]

η (eta) ni umri ambao 63.2% ya vipuri vinakuwa vimekufa, haijalishi β ni ngapi. β (beta) ndiyo inayoeleza tabia. Ikiwa chini ya 1, kifaa kinakufa zaidi kikiwa kipya, na ukishavuka mwanzo unapumua. Ikiwa 1, umri haubadilishi kitu. Ikizidi 1, kifaa kinachakaa, na hapo ndipo kubadilisha kabla hakijafa kunapokuwa na maana. Ukikosea β umekosea ratiba nzima.

Sasa angalieni kundi la pili. Vipuri 16 vilipata ufa kati ya 6.12 na 19.92. Data haidai kitu zaidi ya hapo. Basi uwezekano wa kipuri kimoja kuangukia kundi hilo ni F(19.92) − F(6.12), na vipuri 16 vinaupa uzito huo mara 16. Kwa vile 73 tunatumia 1 − F(63.48), yaani uwezekano wa kuvuka ukiwa mzima. Unachukua logi asilia ya kila uwezekano, unazidisha kwa idadi ya kundi, unajumlisha makundi yote, kisha unatafuta β na η zinazofanya jumla hiyo iwe kubwa kuliko zote. Mbinu nzima ndiyo hiyo.

Kwa data hizi jibu ni β = 1.485 na η = 71.69.

Kisha nikarudia kosa langu la zamani makusudi, nikaviandika vile vipuri 5 kama vilikufa hasa kwenye 6.12, vile 16 hasa kwenye 19.92, na kuendelea. Nikapata β = 1.89 na η = 70.1. η haikusogea sana, ndiyo maana kosa hili halionekani kwa macho. β imepanda kwa robo nzima.

Mnataka kuona madhara yake? Tuulize ni umri gani 1% ya vipuri vinakuwa na ufa. Njia ya makundi inajibu 3.2. Njia ya tarehe za ukaguzi inajibu 6.1, karibu mara mbili. Sasa rudini juu kwenye mstari wa kwanza wa data. Kwenye 6.12 mkaguzi alikwishahesabu vipuri 5 kati ya 167, ambavyo ni 3%. Yaani modeli inatangaza 1% pale ambapo ukaguzi wenyewe umekuta 3%. Data zilezile zinaisuta.

Nilipoona mstari huo kwa mara ya kwanza nilielewa beringi zangu zilikuwa zinaniambia nini.

TINDO

Mkuu Kinoo, asante sana, mimi ni fundi wa mitambo na hii ni ya kwetu kabisa. Maswali mawili. Kwa nini nisichukue katikati ya kila kundi, 13.02 badala ya 19.92? Kazini ndivyo tulivyoelekezwa. Pili, nina Excel tu, hayo mambo ya kutafuta jumla kubwa kuliko zote nayafanyaje?

KINOO

Mkuu Tindo, la kwanza. Kwa data hizi katikati inakupa β ya 1.49 na η ya 71.5, karibu sawa na jibu sahihi. Sitaki kukudanganya kwamba ni dhambi. Inakubali hapa kwa sababu ukaguzi ulifanyika mara nane na makundi ni membamba ukilinganisha na η. Ukiwa na kifaa unachokifungua mara mbili au tatu tu maishani mwake, katikati inageuka kubahatisha: unavirundika vifo vyote kwenye nukta mbili na kuiambia hesabu kwamba mtawanyiko wake ni mdogo. Na kwa kuwa hesabu sahihi haikuchukui dakika kumi zaidi, sioni sababu ya kuikwepa.

La hatari kweli ni kuwatupa wale 73 kwa sababu "hawakufa". Nimeona ripoti za namna hiyo. Ukiwaacha nje, β inaruka juu ya 2 na η inaporomoka hadi karibu 38. Umekata nusu ya maisha ya kifaa kwa kusahau mstari mmoja.

La pili, Excel. Safu A weka mwanzo wa kundi, B mwisho, C idadi. β iwe F1, η iwe F2. Kwenye D2:

=C2*LN(WEIBULL.DIST(B2,$F$1,$F$2,TRUE)-WEIBULL.DIST(A2,$F$1,$F$2,TRUE))

Buruta hadi kundi la nane. Mstari wa wazima, mwanzo wake ni 63.48 na mwisho hauna:

=-C10*(A10/$F$2)^$F$1

Jumlisha safu D, fungua Solver (zana ya Excel inayotafuta yenyewe namba zinazofaa), iambie iikuze jumla hiyo kwa kubadilisha F1 na F2, zote zikiwa kubwa kuliko sifuri. Ukifika utaona −309.67. Usipoiona hiyo, kuna tarakimu umeiandika vibaya.

Tahadhari moja kubwa. Maelezo ya Excel yanaita parameta ya umbo alpha na ya kipimo beta. Sisi β ni umbo, na η ndiyo kipimo. Ukifuata majina badala ya nafasi utaziingiza kinyume, na Excel haitalalamika.

TINDO

Nimeanza na β = 10 na η = 1, Solver imeniletea makosa matupu karibu kila mstari.

KINOO

Umeianzia mbali mno. Kwa namba hizo F inakuwa 1 kwenye kila ukaguzi, tofauti kati ya kaguzi ni sifuri, na logi ya sifuri haipo. Tafuta pa kuanzia kwa mkono, inachukua mistari minne.

Chukua kaguzi mbili zilizoachana, 19.92 na 63.48. Kufikia ya kwanza wamekufa 21 kati ya 167, yaani 0.1257. Kufikia ya pili 94, yaani 0.5629. Sasa kokotoa ln(−ln(1 − F)) kwa kila moja: −2.007 na −0.189. Logi za umri ni 2.992 na 4.151. Mteremko ni (−0.189 + 2.007) gawanya kwa (4.151 − 2.992), unapata 1.57. Hiyo ni β ya kuanzia. Kwa η, 4.151 jumlisha 0.189/1.57, unapata 4.271, ambayo ukiirudisha kutoka kwenye logi ni 71.6.

Angalia ulivyofika jirani kwa kikokotoo cha simu. Solver inamalizia tu.

TINDO

1.485 na 71.69. Jumla −309.67. Mungu akubariki mkuu.

MWAKA WA TATU

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi, natumia R (programu ya takwimu). Nimeandika hivi:

library(survival)
a <- c(NA,6.12,19.92,29.64,35.40,39.72,45.24,52.32,63.48)
b <- c(6.12,19.92,29.64,35.40,39.72,45.24,52.32,63.48,NA)
n <- c(5,16,12,18,18,2,6,17,73)
survreg(Surv(a,b,type="interval2")~1, weights=n, dist="weibull")

Imenipa 4.2724 na Scale 0.6732. Hazifanani na zako. Nimekosea wapi?

KINOO

Marahaba. Hujakosea popote. Programu hiyo inafanya kazi kwenye logi ya muda. Namba ya kwanza ni logi ya η: exp(4.2724) ni 71.69. Hiyo Scale ni kinyume cha β: 1/0.6732 ni 1.485. Wengi wameandika 0.67 kwenye ripoti wakaamini kifaa chao kinakufa kikiwa kipya, kumbe kinachakaa. Maana inageuka kabisa, kwa hiyo liandike mahali hili.

NA ulizoweka zipo sawa. Upande wa kushoto inamaanisha "alikufa wakati wowote kabla ya hapa", upande wa kulia "alikuwa bado mzima tulipoacha kuangalia".

Chukua pia mipaka ya makadirio. Kwa 95%, β iko takriban kati ya 1.2 na 1.8. Mambo mawili yanatoka hapo. 1 iko nje, kwa hiyo uchakavu ni wa kweli. Na ile 1.89 ya tarehe za ukaguzi nayo iko nje, kwa upande wa juu.

BI HESABU

Kaka Kinoo, hongera, maelezo yamenyooka. Ila umeruka hatua moja na naomba nisiinyamazie. Umekadiria parameta za Weibull. Hujauliza kama Weibull yenyewe inazifaa data hizi.

Uzuri wa data za makundi ni kwamba jaribio lake liko mkononi: linganisha idadi iliyoonekana na ile ambayo modeli inaitarajia. Nimekokotoa kwa β na η zako. Ya kwanza ni iliyoonekana, ya pili iliyotarajiwa:

0 hadi 6.12: 5 na 4.3
hadi 19.92: 16 na 18.9
hadi 29.64: 12 na 16.3
hadi 35.40: 18 na 10.0
hadi 39.72: 18 na 7.4
hadi 45.24: 2 na 9.4
hadi 52.32: 6 na 11.6
hadi 63.48: 17 na 16.8
wazima: 73 na 72.5

Mwanzo na mwisho ni pazuri. Tazama katikati. Modeli inategemea vifo 7 kundi la tano, wameonekana 18. Kundi linalofuata inategemea 9, wameonekana 2. Kai-mraba ya jumla (kipimo cha umbali kati ya idadi zilizoonekana na zilizotarajiwa) ni karibu 31.6. Makundi ni tisa, toa moja, toa parameta mbili, inabaki digrii huru 6, na mpaka wake wa 5%, ambao ukivukwa modeli inatiliwa shaka, ni 12.59. Tumeuvuka mara mbili na nusu.

Ukichora F iliyoonekana pamoja na mstari wa Weibull hutaligundua hili, kwa sababu nukta za F ni za kujumlisha. Ziada ya kundi la nne na la tano inafidiwa na upungufu wa la sita na la saba, na mstari unapita katikati kwa adabu kabisa. Ndiyo maana nawasihi wanafunzi wangu kila mwaka: mchoro wa kujumlisha uangalieni, lakini hesabu za makundi ndizo zitakazowaambia ukweli.

KINOO

Dada, nimerudia hesabu yako mstari kwa mstari na uko sahihi. Hili nilikuwa sijaliona, na nimezitumia data hizi miaka mingi. Ulidhani ni nini? Mimi wazo la kwanza ni mkaguzi. Ufa mdogo, mtu makini na taa nzuri anauona kwenye 39.72, mwingine angeuona kwenye 45.24. Ukaguzi mmoja ukifanywa kwa makini zaidi, unavuta vifo vya kundi linalofuata.

BI HESABU

Inawezekana, na lina namna ya kulijaribu. Kama ni suala la mkaguzi kuwahi tu, ukiunganisha makundi hayo tofauti itakufa. Nimeunganisha kuanzia 29.64 hadi 45.24: wameonekana 38, modeli inategemea karibu 26.8. Kai-mraba imeshuka hadi takriban 9.1 kwa digrii huru 4, na mpaka wake ni 9.49.

Kwa hiyo kwa kiasi kikubwa imetulia, lakini ipo ukingoni, na nimechagua pa kuunganisha baada ya kuziona data, jambo ambalo linalipunguzia jaribio nguvu. Nisingeapa. Huenda kuna sababu mbili za ufa zimechanganyika, mfano kundi la vipuri lililotoka kiwandani na kasoro, likafa pamoja katikati, na waliobaki wakaendelea na maisha ya kawaida. Data za idadi peke yake hazitatuambia. Anayeweza kutuambia ni aliyevishika hivyo vipuri.

Kwa ratiba ya kubadilisha, ambayo inategemea vifo vya mwanzo, bado ningeitumia Weibull hii kwa kipande cha mwanzo. Umri wa 10% unatoka 15.8, na ukaguzi wa 19.92 umekuta 12.6% wana ufa. Vinaendana. Kwa kutabiri yatakayotokea baada ya 63.48 nisingeitumia kamwe bila kujua ya katikati yalitokana na nini.

PIMAMAJI

Nimefuatilia kimya, naomba nichangie historia kidogo, kwa sababu watu wanadhani data za makundi ni za watu maskini wasio na vipima-muda. Waloddi Weibull alikuwa mhandisi wa Sweden, 1887 hadi 1979. Makala yake ya 1951, ile iliyoutangaza mgawanyo huu duniani, ina mifano saba. Kuna nguvu ya chuma cha Bofors, nyuzi za pamba ya India, uchovu wa chuma cha St-37, urefu wa wanaume waliozaliwa visiwa vya Uingereza, hata upana wa maharage. Na alichokifanya ndicho alichokifanya Bi Hesabu hapo juu: aliweka idadi zilizoonekana kando ya zilizotarajiwa akapima kwa kai-mraba.

Kabla yake, mwaka 1933, Wajerumani Rosin na Rammler walikuwa wameitumia fomula hiyohiyo kwa unga wa makaa ya mawe. Hebu fikirini chekecheke: chembe iliyopita tundu kubwa ikakwama kwenye tundu dogo. Hujui kipenyo chake, unajua kiko kati ya matundu mawili. Ni ukaguzi wa Kinoo uleule, chekecheke badala ya kalenda.

MWAKA WA TATU

Swali dogo, wakubwa. Mradi wangu una ukaguzi mmoja tu. Vifaa vyote vina umri sawa, tumevifungua mara moja, vingine vizima vingine vibovu. Naweza kupata β?

KINOO

Huwezi, mdogo wangu. Una F moja, na kupitia nukta moja inapita mistari isiyo na idadi. Kama una β ya kuaminika kutoka kwa vifaa vya aina hiyohiyo vinavyofanya kazi mazingira hayohayo, ishike hiyo, kisha utapata η peke yake. Uandike wazi kwenye ripoti kwamba β umeiazima na umeiazima wapi. Ukiweza kumwomba msimamizi ukaguzi wa pili hata kwa nusu ya vifaa, omba. Kaguzi mbili zinatosha kukupa zote mbili, ingawa hutakuwa na pa kujaribia kama Weibull inafaa. Kuanzia tatu, jaribio la Bi Hesabu linaanza kufanya kazi.

TINDO

Wakuu, sisi pampu zetu hazikufungwa siku moja, na wala hatuzifungui kwa umri sawa. Kila moja ina kalenda yake. Haya makundi nitayapanga vipi?

KINOO

Usiyapange. Kila pampu iwe mstari wake, idadi 1. Mwanzo ni umri wake siku ilipoonekana nzima mara ya mwisho, mwisho ni umri wake siku ilipokutwa mbovu. Nzima hadi leo, mwisho acha wazi. Fomula haibadiliki hata herufi, na makundi yanaruhusiwa kupishana na kuingiliana. Kitakachobadilika ni jaribio: hutakuwa na idadi za kulinganisha moja kwa moja, utahitaji mkunjo usiotumia Weibull, ule wa Turnbull wa 1976, uulaze juu ya Weibull yako uangalie wapi wanaachana.

Ila angalia jambo moja. Umri, siyo tarehe. Toa siku ya kufungwa kwanza, na kama pampu ilisimama miezi mitatu, saa za kazi ni bora kuliko siku za kalenda.

TINDO

Nimelifungua daftari letu sasa hivi. Safu ya "iliyokutwa mbovu" ipo. Safu ya "mara ya mwisho kuonekana nzima" haipo, kesho naichora kwa rula. Zile za nyuma nitazitafuta kwenye kadi za kazi. Lakini kuna pampu nyingine kadi zimepotea, hakuna anayejua zilifunguliwa lini kabla ya kufa. Nizitupe?

KINOO

Usitupe hata moja. Mwanzo wake uandike sifuri, siku ilipofungwa. Kundi litakuwa pana kuliko mengine, lakini hutakuwa umesema uongo.